Ndege zile zile, viti vya jirani, lakini koneksheni mbili tofauti kabisa

Kisa chenyewe kiko hivi. Kaka na dada yake wanasafiri pamoja kutoka nje ya Ulaya, ndege ya usiku ya masafa marefu, wanatua asubuhi kwenye mojawapo ya zile eapoti kubwa za Ulaya ambazo watu wengi unaowaona hata hawaishii hapo, wanaunganisha tu, halafu wanatakiwa wapande ndege fupi kwenda mji mwingine ndani ya Schengen (zile nchi za Ulaya ambazo hazikaguani pasipoti mipakani). Ndege zote mbili ni za shirika moja la huko huko Ulaya. Tiketi inasema kufika 06:10 na kuondoka 07:20 (natumia saa zilivyoandikwa kwenye tiketi ili tusichanganyane), kwa hiyo katikati kuna dakika 70. Wamekaa viti vya jirani, safu ya 41, kule nyuma kabisa. Ndege ikafika sehemu yake ya kuegesha saa 06:28, yaani imechelewa dakika 18 tu, na wote wawili wakaikosa ile ya 07:20.

Mpaka hapo hamna cha ajabu, watu wanakosa koneksheni kila siku. Ila kaka alifika anakoenda 13:50 bila kutoa hata senti ya ziada, kalishwa na shirika wakati anasubiri, na baadae akadai fidia akalipwa. Dada alifika usiku, kwa tiketi mpya aliyoinunua pale pale kaunta, na nusura apoteze na ndege yake ya kurudi. Abiria wawili waliokaa bega kwa bega wamechelewa dakika zile zile, mmoja kapata usumbufu wa asubuhi moja, mwingine hasara.

Sababu ni namna walivyokata tiketi. Kaka alikata safari nzima kwa mpigo, bukingi moja. Dada aliona ofa ya ile ndege ndefu inayoishia pale pale eapoti ya kuunganishia, akaichukua haraka kabla haijaisha, halafu baadae akamuuliza kaka yake "wewe unaendelea na ipi?" naye akaikata hiyo hiyo fupi peke yake, kwenda na kurudi. Ukizitazama kwenye simu zake zimejipanga vizuri tu, moja inaisha nyingine inaanza, utadhani ni safari moja. Kwa shirika ni mikataba miwili isiyojuana. Mkataba wa kwanza unasema tutakushusha hapa. Wa pili unasema uwe getini kwa wakati, utatokea wapi ni juu yako.

Sasa tuzivunje zile dakika 70 maana watu wengi wanazisoma vibaya. Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ndege inaposimama kwenye maegesho, siyo matairi yakigusa lami, hiyo walau ni habari njema. Lakini saa ya kuondoka ni saa ndege inapoanza kusogea, na mlango unakua umeshafungwa muda, mashirika mengi geti linafungwa kama dakika 15 kabla, mengine 20. Kwa hiyo 07:20 maana yake uwe umeshapita getini 07:05, na dakika 70 zimeshakua 55 kabla hujafanya kosa lolote. Toa zile 18 za kuchelewa, zimebaki 37. Halafu safu ya 41 ya ndege kubwa, mpaka watu wote wa mbele wateremshe mabegi yao na kila mtu avae koti lake, dakika 15 zinakwenda bila mtu kufanya uzembe. Na siku hiyo ndege haikupata daraja la kushukia abiria, iliegeshwa mbali huko uwanjani, abiria wakashushwa kwa ngazi na kupandishwa mabasi, na basi haliondoki mpaka lijae. Wameingia ndani ya jengo 06:50. Zimebaki dakika 15, na mbele yao kuna foleni ya pasipoti.

Hii foleni ya pasipoti ndo watu wanaisahau wanapokata tiketi. Ukitoka nje ya Schengen ukaunganisha kwenda mji ulio ndani ya Schengen, unaingia Ulaya pale pale kwenye eapoti ya kwanza, pasipoti inakaguliwa pale, kule mwisho unashuka kama mtu aliyetoka mkoa wa jirani. Na tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wao mpya unaoitwa EES, wageni wanachukuliwa alama za vidole na picha ya uso, na mtu anayeandikishwa mara ya kwanza anachukua muda mrefu kuliko muhuri wa zamani. Juu ya hapo, kutegemea umetoka nchi gani, unaweza kupitishwa tena kwenye ukaguzi wa usalama, mkanda utoe, kompyuta uitoe, chupa ya maji uitupe.

Na kwa nini foleni inakua mbaya hivyo saa 12 asubuhi? Siyo bahati mbaya, imepangwa. Eapoti za aina hii zinaendeshwa kwa mawimbi. Shirika linazileta ndege nyingi ndani ya muda mfupi, abiria wanabadilisha ndege, halafu ndege nyingi zinatoka ndani ya muda mfupi, kunapoa, wimbi jingine linakuja. Bila hivyo biashara ya kuunganisha haiendi, watu wa miji hamsini wanataka kwenda miji hamsini mingine na hawataki kukaa masaa tisa kwenye kiti cha chuma. Lakini maana yake ni kwamba watu wote wenye haraka wanafika kwenye dirisha la uhamiaji kwa wakati mmoja. Ukipita hapo hapo saa nne asubuhi unaweza kukuta maafisa wanapiga stori. Kwa hiyo mtu akikwambia "mi nilipita pale dakika tano tu", muulize alipita saa ngapi.

Kaka alitoka kwenye foleni 07:12, akakimbia, alifika getini 07:14 na ndege anaiona kwa dirishani bado ipo, mlango umefungwa. Akabishana kidogo, unajua tena. Haisaidii kubishana hapo kwa sababu mlango ukifungwa karatasi za uzito na idadi ya abiria zimeshakwenda kwa rubani, na kama ulikua na begi ndani wameshaanza kulitafuta walitoe, maana kwenye safari za kimataifa begi halitakiwi kuondoka bila mwenyewe. Na kichekesho ni kwamba ile ndege yao ya kwanza ilichelewa kutoka kwa sababu hiyo hiyo, kuna abiria alichek-in hakutokea getini, begi lake likasakwa mpaka likatolewa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo kaka hakulijua wakati anakimbia. Shirika lilishamhamisha. Mifumo yao inaangalia ndege inayokuja imechelewa kiasi gani na nani ana koneksheni gani, wakiona hutafika wanakutoa kwenye ile na kukuweka kwenye inayofuata bila kukuuliza. Meseji ya kumwambia kawekwa kwenye ya 12:15 iliingia 06:45, yeye yuko kwenye basi, simu bado iko kwenye hali ya ndege. Alikimbilia ndege ambayo kiti chake hakikuwepo tena. Angewasha simu na kuunga wi-fi ya eapoti akiwa kwenye foleni angejua, angetembea. Begi lake nalo lilihamishwa kimya kimya, lilikua na tegi yenye herufi tatu za mji wa mwisho, likafuata safari mpya.

Sasa tuje kwa dada, na huku ndo hesabu inatisha. Begi lake kule walikoanzia halikuwekewa tegi ya mji wa mwisho. Aliomba, mhudumu wa kaunta akamwambia tiketi zako ni mbili, mzigo wako unaishia pale. Baadhi ya mashirika yanakubali kuunganisha mzigo kwa tiketi mbili kama zote ni zao, mengine yanakataa kabisa, na hata yanayokubali inategemea umemkuta nani kaunta. Kwa hiyo dada alitakiwa apite uhamiaji kama kaka, halafu asubiri begi kwenye mkanda, apite forodha, atoke nje, apande ghorofa ya kuondokea, alikabidhi begi upya, apite ukaguzi, ndo aende getini. Na kaunta ya mizigo ya ile ndege fupi ilikua inafungwa dakika 45 kabla ya kuondoka, yaani 06:35.

Soma tena hiyo. 06:35. Ndege yao ilisimama 06:28. Hata ingefika kwa wakati, 06:10 kamili, dada angekua na dakika 25 kutoka safu ya 41 mpaka kaunta ya juu akiwa na begi lake mkononi. Hakuna binadamu anayeweza. Ndo maana mi nasema dada hakukosa koneksheni, hakuwahi kuwa nayo. Zile dakika 18 watu wanazozilaumu, kwake hazikubadilisha chochote, na angepata hasara ile ile siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri.

Kuna kiwango kinaitwa muda wa chini wa kuunganisha. Eapoti na mashirika wanakubaliana, kinaingizwa kwenye mifumo ya kuuzia tiketi, na mfumo haukuuzii bukingi moja iliyo chini ya hapo. Vienna wamejisifia miaka na miaka kwamba kwao ni dakika 25, Frankfurt inajulikana kwa 45. Sasa watu wanasikia namba hizo wanafikiri ni kipimo cha mwendo wa mtu, kwamba "ukiwa mwepesi unatosha". Namba hiyo ni ya shirika, inasema chini ya hapa sisi hatuuzi, juu ya hapa tukishindwa ni letu. Dada aliyejiunganishia mwenyewe hiyo namba haimhusu hata kidogo, ingawa aliiona mtandaoni ikampa moyo.

Je, dada angeweza kuokoa kitu? Ndiyo, na siyo kwa kukimbia. Saa 06:50 yuko kwenye foleni, ameshajua kaunta ya mzigo imefungwa dakika 15 zilizopita, ndege bado haijaondoka. Muda huo ndo wa kufungua apu au kupiga simu na kubadilisha tiketi, kwa sababu tiketi nyingi zinazoruhusu kubadilishwa zinaruhusu kabla ya ndege kuondoka tu. Ukishapita hapo mfumo unakuandika kama mtu ambaye hakutokea, na hapo mambo mawili yanatokea, tiketi ya kwenda inakufa, na kama ilikua ya kwenda na kurudi, mashirika mengi yanafuta na ile ya kurudi, moja kwa moja, bila kukuonya. Watu wanagundua siku ya kurudi wakiwa na mabegi yao kaunta. Dada alifika kwenye dawati la shirika karibu saa mbili kasoro, tiketi imeshakufa, akanunua ya jioni kwa bei ya siku hiyo hiyo. Kilichomsaidia ni kwamba aliuliza kuhusu ya kurudi kabla hajaondoka pale dirishani, na yule mhudumu akawa muungwana akairudisha kwenye mfumo na kumwandikia. Hakuwa analazimika. Asingeuliza, imekwenda.

Kwa upande wa kaka, sheria ya kumlinda ipo wazi kabisa, ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Inahusu ndege zinazotoka kwenye eapoti za Umoja huo, na zinazoingia kutoka nje kama shirika ni la huko, na hii ilikua hivyo. Ukicheleweshwa wana wajibu wa kukulisha wakati unasubiri, na hoteli kama inabidi ulale, hata kama sababu ni theluji. Fidia ya pesa ni jambo jingine: ukifika mwisho wa safari umechelewa masaa matatu au zaidi, na sababu siyo kitu kilicho nje ya uwezo wao, ni euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Safari yake ilikua zaidi ya kilomita 3,500. Alitakiwa afike 08:55, akafika 13:50, karibu masaa matano.

Alipodai, shirika likamjibu kwa upole sana kwamba ndege yake ya kwanza ilichelewa dakika 18 tu na sheria inataka masaa matatu, asante kwa kuruka nasi. Watu wengi wanaishia hapo, na nadhani hilo jibu limeandikwa kwa ajili hiyo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishalimaliza suala hili Februari 2013 kwenye kesi C-11/11: ndege ya kwanza ilichelewa kama masaa mawili na nusu, haikufika matatu, lakini abiria akakosa za kuunganisha akafika mwisho amechelewa masaa 11, na mahakama ikasema kinachopimwa ni kuchelewa kule mwisho wa safari. Kaka akawaandikia tena mistari michache akataja namba ya kesi, na saa za kufika, na kuwauliza kama wanadai kulikua na sababu ya nje ya uwezo wao waitaje na kuithibitisha. Wakalipa. Dada naye akajaribu kudai na jibu lake lilikua fupi na safari hii lilikua sahihi: safari yako uliyonunua kwetu iliishia hapo ulipotua, ulichelewa dakika 18.

Watu wakishasikia kisa hiki wanauliza "kwa hiyo niweke masaa mangapi". Mi sipendi kujibu kwa namba moja. Kama ni bukingi moja, na kwenye njia hiyo kuna ndege nyingine nne siku hiyo, zile dakika 70 ningezichukua bila wasiwasi, nikikosa nakula chakula chao naondoka mchana. Kama ni ndege ya mwisho ya siku, au kule mwisho kuna meli au mtihani unaonisubiri, hapo masaa matatu na bado nitakua naangalia saa. Na kama ni tiketi mbili na nina begi la kukabidhi, basi siyo suala la masaa tena, ni bora ulale hapo usiku mmoja au uache kabisa. Bora nipande dakika 70 za bukingi moja kuliko masaa manne ya tiketi mbili, na najua kuna watakaobisha, hasa wale wanaosafiri na kibegi cha mgongoni tu, na kweli kwao hesabu inabadilika sana maana hawana mkanda wa kusubiri wala kaunta ya kuwahi.

Halafu angalia eapoti yenyewe inakutaka ufanye nini. Marekani karibu kila mahali unapitia uhamiaji na kuchukua begi lako kwenye eapoti ya kwanza unayoingilia hata kama una bukingi moja na unapita tu, kisha unalikabidhi tena, kwa hiyo dakika 70 za Chicago ukitokea nje ya nchi siyo dakika 70 za Chicago ukitokea Denver, ndani ya nchi hiyo hiyo. Heathrow ya London majengo yamegawanyika, kutoka Teminali 3 kwenda 5 ni basi la ndani na ukaguzi upya, inabidi ufuate vibao vya zambarau na siyo kundi la watu, kundi linakwenda nje kuchukua mabegi. Ndani ya jengo moja bila kugusa pasipoti, ni matembezi tu.

Viza nayo. Hawa wawili walikua na viza ya Schengen tayari kwa sababu ndo walikokua wanakwenda. Lakini chukua mtu anayepita tu Ulaya kwenda kwingine nje ya Schengen: kwa bukingi moja anabaki upande wa ndani wa eapoti bila kupita uhamiaji, na raia wa nchi nyingi hawahitaji viza ya kuingia kwa hilo (wengine wanahitaji ya kupitia eapoti, inabidi uangalie pasipoti yako). Kwa tiketi mbili na begi la kwenye mkanda lazima aingie nchini kulifuata, na hiyo ni viza kamili. Huyo hata hafiki kukosa koneksheni, anazuiliwa kule kule anakoanzia.

Namna ya kujua unachonunua, usiangalie umelipa mara ngapi. Kuna tovuti unalipa mara moja halafu kwenye barua pepe unakuta namba mbili za bukingi, na mahali flani kwa maandishi madogo wanasema utajihamisha mwenyewe. Wakikuuzia "ulinzi wa koneksheni" juu yake, hiyo ni ahadi ya tovuti, siyo ya shirika, ukiwa pale dirishani asubuhi mhudumu hataitambua. Bukingi moja yenye ndege zote ndani, na kwenye kaunta begi linapata tegi ya mji wa mwisho, ndo kitu chenyewe. Soma zile herufi tatu kabla begi halijaondoka kwenye mzani.

Kurudi, ndege fupi ya dada ilikua inatua dakika 110 kabla ya ile ndefu kuondoka, na kaka alikua kwenye hiyo hiyo. Safari hii dada alipiga simu siku mbili kabla, akalipia kubadilisha, akahamia ya kwanza ya asubuhi. Alikaa masaa sita pale eapoti akisubiri, kaka akamkuta getini ameshakula na chaji ya simu imejaa, kaka mwenyewe ana jasho kwa sababu ile ndege fupi ilichelewa dakika 40.